Trekta Shambani: Hatari Zake na Njia ya Kujikinga

(Hotuba kwa wazee, viongozi wa vijiji, walimu na wakulima wa nchi ya Dodoma)



Leo nataka kusema nanyi juu ya trekta na vyombo vinavyokokotwa nalo, yaani plau, haro, tela, na mashine ya kupukuchulia mahindi. Sikuja kulisifu trekta, wala sikuja kulilaumu. Faida yake mnaijua ninyi wenyewe. Mvua ya nchi yetu ni chache, yapata milimita 570 kwa mwaka mjini Dodoma, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Mtu akichelewa kulima siku chache, mvua humpita na njaa humkuta. Basi trekta likija kijijini wakati huo, kila mtu hulililia, na kila mtu hutaka shamba lake liwe la kwanza. Haraka hiyo ndiyo mlango wa ajali, nami nataka tuufunge mlango huo kwa akili, si kwa kuliacha trekta.

Najua watu husema kwamba ajali haina kinga. Neno hili ni jema la kumfariji aliyefiwa, lakini si neno la kumwongoza dereva. Ajali za trekta karibu zote zina sababu inayojulikana, na kila sababu ina kinga yake. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye bawa la gurudumu hakuanguka kwa bahati mbaya tu. Kuna mtu mzima aliyemruhusu kupanda.

Kabla sijaeleza kinga hizo, nataka kuwakumbusheni jambo lililotokea katika nchi hii hii. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, aliishauri Serikali ya Uingereza ilime karanga nyingi katika Afrika ya Mashariki, kwa kuwa baada ya vita watu wa Ulaya walikosa mafuta ya kula. Tume ya Bwana John Wakefield ikapita kuitazama nchi, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Shabaha ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zake katika Tanganyika, na katika mwaka wa kwanza peke yake ekari 150,000. Matrekta yakaletwa kutoka mbali, mengine yakiwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta vikapewa jina la Shervick. Mwaka 1948 shirika la Overseas Food Corporation likachukua kazi hiyo. Lakini Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule umeshindwa, na hasara yake ilikuwa paundi zipatazo milioni 36.

Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi. Mvua ilikosekana. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mchanga uliomo ndani yake ukalika chuma cha plau. Lakini kuna sababu moja ambayo inatuhusu leo. Mashine zilikuja kwanza, na ujuzi ukafuata nyuma kwa mbali. Wengi katika madereva walikuwa hawajapata kushika usukani wa trekta maisha yao yote, wakafundishwa kwa haraka, kisha wakapelekwa porini. Karakana na vipuri havikutosha. Matrekta mengi yakaharibika kabla hayajamaliza hata mwaka mmoja. Basi tujifunze hivi: nguvu ya mashine bila ujuzi wa mtu ni hasara, na mara nyingine ni mauti.

Sasa tuanze na jambo lililo msingi wa yote. Sisi watu wa nchi hii tumekua pamoja na ng'ombe. Mwenye kulima kwa maksai amezoea mwenzi mwenye macho na masikio. Maksai akiona mtu ameanguka mbele yake husita. Akisikia sauti ya bwana wake husimama. Akichoka hulala, na hapo kazi imekwisha. Trekta halina jicho, halina sikio, wala halichoki. Ukipiga kelele halisikii. Likianza kukuvuta litakuvuta mpaka mtu alizime. Kwa hiyo, mambo yote ambayo ng'ombe aliyafanya mwenyewe kwa hisia zake, sasa imetupasa sisi kuyafanya kwa akili zetu.

Nawapeni maneno matatu, na ninawaomba walimu wayaandike ubaoni: ZIMA, NGOJA, NDIPO USHIKE. Maana yake ni hii. Kabla hujagusa kitu chochote cha trekta au cha chombo kilichofungwa nyuma yake, zima injini kwanza. Kisha ngoja mpaka kila kinachozunguka kimesimama kabisa, kwa kuwa vyuma vizito huendelea kuzunguka hata baada ya injini kunyamaza. Ndipo ushike. Mtu anayeyafuata maneno haya matatu amejiepusha na ajali nyingi za mikono na miguu.

Neno jingine lifuatane na hayo: kila mtu anayefanya kazi karibu na trekta afundishwe kulizima, hata kama hajui kuliendesha. Matrekta hayafanani. Mengine huzimwa kwa ufunguo, na mengine, hasa ya zamani, huzimwa kwa kuvuta kitasa. Dereva amwonyeshe msaidizi wake, mwenye shamba, na wapukuchuaji, asubuhi kabla ya kazi. Pengine dereva ndiye atakayenaswa, na aliye karibu naye hatajua la kufanya ila kulia.

Sasa nitaeleza hatari moja moja.

Ya kwanza ni abiria. Trekta lina kiti kimoja, basi mtu wake ni mmoja. Mnajua desturi yetu: dereva ameketi kitini, na vijana wawili wameketi juu ya mabawa ya magurudumu, na mwingine amesimama juu ya plau, huku watoto wakikimbia nyuma kwa furaha. Gurudumu likikanyaga kichuguu au likiingia katika shimo la muhanga, trekta huruka, na aliye juu ya bawa huanguka mbele ya gurudumu lile lile au mbele ya visahani vya haro. Dereva hana nafasi ya kusimama, kwa kuwa gurudumu huwa limekwisha pita. Asipande mtu juu ya bawa, wala juu ya plau, wala juu ya haro ili kuiongezea uzito. Uzito ukihitajika, tafuteni mawe au magunia ya mchanga, myafunge vizuri.

Ya pili ni kufunga chombo nyuma ya trekta. Dereva hurudi nyuma, na msaidizi husimama katikati akiishika plau ili matundu ya pini yakutane. Mguu wa dereva ukiteleza kidogo tu, msaidizi hubanwa baina ya chuma na chuma. Njia iliyo salama ni hii. Msaidizi asimame kando, mahali dereva anapoweza kumwona, amwongoze kwa ishara za mkono ambazo wamepatana tangu mwanzo, maana sauti haisikiki. Trekta likisimama na breki ikikazwa, ndipo aingie kutia pini. Pini yenyewe iwe ya chuma kizuri, na kizuizi chake kitiwe, isije ikaruka njiani na tela likamkimbilia mtu.

Ya tatu ni plau iliyonyanyuliwa. Mikono ya kunyanyulia hushikiliwa na mafuta yaliyomo ndani ya mtambo. Mafuta yakivuja, au mtoto akigusa wenzo, plau huanguka ghafula. Kila mara trekta linaposimama, teremsha chombo mpaka chini. Ukitaka kubadili kisahani kilicholika, usiingie chini ya plau ambayo haikuegemezwa juu ya magogo yenye nguvu. Jeki peke yake haitoshi.

Ya nne ni kupinduka kwa nyuma, nayo huua upesi kuliko zote. Sikilizeni vizuri, kwa kuwa nchi yetu ina visiki vingi. Nguvu ya injini huyazungusha magurudumu ya nyuma. Yakikataa kuzunguka, ama kwa kuwa yamezama katika tope, ama kwa kuwa mnyororo umefungwa katika kisiki ambacho hakitoki, nguvu ile haipotei; huanza kuinua upande wa mbele wa trekta. Trekta husimama kama farasi kwa miguu ya nyuma, kisha humwangukia dereva kichalichali. Tangu magurudumu ya mbele kuinuka mpaka mwisho wa jambo, haipiti hata sekunde moja na nusu. Hakuna mtu awezaye kuruka katika muda huo.

Kinga yake ni hii. Mnyororo ufungwe katika ndoano ya chini ya trekta, usifungwe kamwe juu ya ekseli wala katika kiungo cha juu. Klachi iachiwe polepole. Ukiona mbele kunainuka, kanyaga klachi mara moja. Kisiki kikubwa kichimbwe na mizizi yake ikatwe kwanza; usishindane nacho kwa kuruka na kuvuta. Na trekta likizama katika tope, chimba mbele na nyuma ya magurudumu, jaribu kutoka kwa kurudi nyuma, au vutwa na trekta jingine. Usifunge gogo mbele ya magurudumu ya nyuma ukakanyaga mafuta. Wengi wamekufa kwa hila hiyo.

Hatari hii si ya kwetu tu. Trekta la Fordson lilipoanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1917, wakulima wengi wa Marekani na Uingereza walipinduliwa nalo namna hii. Bwana Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, akatafuta njia ya kuifunga plau kwa viungo vitatu, ili uzito wa kulima uukandamize upande wa mbele badala ya kuuinua. Viungo vile vitatu ndivyo mnavyoviona leo nyuma ya matrekta yenu. Tena nchi ya Uswidi, mwaka 1959, ilitoa amri kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma imara ya kumkinga dereva likipinduka, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Basi mkiona fremu hiyo juu ya trekta msiikate ili lipite chini ya miti. Na dereva wa trekta lenye fremu afunge mkanda wa kiti, ili abaki ndani ya kinga yake. Lakini trekta lisilo na fremu, dereva asijifunge, kwa kuwa atakuwa amejifunga katika kaburi.

Ya tano ni kupinduka kwa ubavu. Wilaya zetu zina makorongo mengi, na kingo zake hutazamwa kuwa ngumu kumbe ndani zimeliwa na maji. Kanuni ni rahisi: korongo likiwa na kina cha hatua tatu, trekta likae mbali na ukingo hatua tatu au zaidi. Tena usikate kona kwa mwendo mkali. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayokusukuma nje ya kona haizidi mara mbili; inazidi mara nne. Na breki mbili za nyuma, ambazo shambani hutumiwa kila moja peke yake, ziunganishwe kabla ya kuingia barabarani. Breki ya upande mmoja ikishika katika mwendo, trekta hujizungusha na kulala.

Ya sita ni shafti inayozunguka nyuma ya trekta, ile inayopeleka nguvu kwenye mashine ya kupukuchulia au pampu ya maji. Kwa kawaida shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde. Kabla hujamaliza kutamka jina lako na la baba yako, imekwisha zunguka mara nyingi kuliko vidole vya mikono yako. Ikishika ncha ya mgolole, au kanga, au mkono mpana wa kanzu, au uzi wa gunia, humvuta mtu na kumzungusha kabla hajajua kwamba ameshikwa. Nguvu ya mtu haiwezi kushindana nayo.

Shafti hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kifuniko. Mara nyingi kifuniko huvunjika, nasi huendelea na kazi. Jambo hili lisiruhusiwe. Shafti isiyo na kifuniko isitumike mpaka kimerudishwa. Mtu asiiruke wala asipite chini yake, hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu. Anayefanya kazi karibu nayo avae nguo zinazombana mwili, afunge nywele zake, na mgolole auache nyumbani.

Hapa nataka kusema hasa juu ya kupukuchua mahindi. Baada ya mavuno mashine huzunguka kutoka boma hadi boma, na mahindi huelekea soko la Kibaigwa. Ni wakati wa furaha, na watu hujaa: wanaume wa kumimina, akina mama wa kupepeta na kukusanya punje zilizoanguka, na watoto wa kucheza katika magunzi. Mashine ikiziba, mtu husukuma kwa mkono, au kwa mguu akiwa amesimama juu. Ndugu zangu, yale meno yaliyomo ndani hayajui tofauti ya gunzi na mkono. Ikiziba, ZIMA, NGOJA, NDIPO USHIKE. Punje zikusanywe mashine ikiwa imesimama. Na ipigwe kamba kuizunguka mashine, hatua kumi kila upande, watoto wakae nje ya kamba hiyo.

Ya saba ni barabara. Barabara kuu itokayo Morogoro hata Dodoma hupitwa na malori usiku na mchana. Trekta lenye haro pana, lisilo na taa, ni kama ukuta uliojengwa gizani. Usiku lisiwe barabarani. Ikilazimu, liwe na taa mbele na nyuma, na viakisi vya mwanga katika pembe za chombo kinachokokotwa. Na watu wasirundikwe juu ya tela pamoja na magunia.

Nisisahau pia rejeta. Injini ikichemka, usifungue kifuniko chake papo hapo. Mvuke utakuunguza uso. Ngoja ipoe. Wala mafuta yasitiwe huku injini ikiunguruma au mtu akivuta sigara.

Ajali ikitokea, jambo la kwanza ni kuzima injini, si kumvuta mtu. Ukimvuta mashine ikizunguka, utanaswa wewe pia. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza jeraha kwa nguo safi bila kuachia, umpeleke mgonjwa hospitali upesi. Jeraha lisitiwe udongo wala majivu.

Sasa nawageukia wazee na viongozi. Mwenye trekta hulipwa kwa ekari, kwa hiyo dereva hulima mchana na usiku ili amalize ekari nyingi mvua ingaliko. Dereva mwenye usingizi ni hatari kama dereva mlevi. Mtu anayelikodisha trekta lake ana wajibu wa kumpumzisha dereva wake, na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri awalinde watu wake, shambani kama kiwandani. Tena halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikikubaliwa na halmashauri ya wilaya. Nawashaurini mfikirie nne tu: asipande abiria juu ya trekta wala chombo chake, isitumike shafti isiyo na kifuniko, watoto wasikaribie mashine ya kupukuchulia, na trekta lisilo na taa lisipite barabarani usiku. Mkutano mmoja wa kijiji watosha kuanza jambo hili, na mwenye trekta kutoka mbali ataambiwa masharti hayo kabla hajatia plau ardhini.

Nanyi walimu, watoto ndio wanaolipenda trekta kuliko watu wote. Msiwaambie tu kwamba ni hatari, kwa kuwa mtoto akikatazwa bila sababu hujaribu. Waelezeni jinsi linavyofanya kazi, kwa nini hupinduka, na kwa nini shafti huvuta nguo. Pengine kesho mmoja wao atakuwa dereva, na ujuzi huo atakuwa nao tangu utoto.

Namaliza kwa kurudi Kongwa. Mashine zile za mwaka 1947 hazikukosa nguvu; ziliweza kung'oa msitu mzima. Zilichokosa ni watu waliopewa muda wa kuzijua. Sisi leo hatuna paundi milioni 36 za kupoteza, wala hatuna watoto wa kupoteza. Tuna muda wa kuzima injini na kungoja kidogo, na muda huo hautatupunguzia hata gunia moja la mahindi. Mwenyezi Mungu awape mvua njema, na kila aendaye shambani arudi nyumbani na viungo vyake vyote.